Wakili Mwenyewe Yuko Wapi?

Kibao nilichorewa na fundi wa mabango, Mbuyuni,
kwa elfu kumi na tano. Nilipoomba punguzo akasema
maneno ya sheria yanakula rangi.
HAIKAELI J. TESHA
WAKILI WA KUJITEGEMEA NA KAMISHNA WA VIAPO.
Aliruka ile E. Akaichomeka baadaye,
ndogo, imejibana kama aliyechelewa kanisani.
Bado iko hivyo.

Chumba kipo Kiusa, juu ya fundi cherehani,
hatua nne kwa tano. Kodi ya miezi sita
mbele, taslimu; mwenye nyumba hakutaka kusikia
kwamba naijua sheria ya pango.
Meza ya shemeji. Viti viwili:
kimoja cha mteja, kimoja cha anayemsindikiza.
Mimi wiki ya kwanza nilikalia ndoo ya rangi.
Mlima ulikuwa umejifunika tangu Jumatatu,
nami nikauelewa.

Miaka minne ya chuo, na Shule ya Sheria juu yake,
hakuna aliyenifundisha kutaja bei.
Mtu akiuliza "Ni shilingi ngapi?"
natazama dari kana kwamba imeandikwa pale.
Laki mbili inatoka kifuani
ikifika mezani ni themanini.

Wa kwanza alikuja kuapa
kwamba Anthonia wa cheti na Antonia wa kitambulisho
ni mtu mmoja, naye ndiye.
Niligonga muhuri kwa nguvu mno, wino ukaruka.
Elfu tano, noti iliyokunjwa mara nne.
Nikainyoosha kwa rula.
Jioni mama akapiga: "Umeshapata kazi?"
"Mama, ndiyo hii."
Akanyamaza. "Sawa. Lakini kazi?"

Halafu Ndelamio, kutoka Uru, na mfuko wa nailoni:
barua za baraza la kata, risiti, picha za migomba,
na jani la sale lililokauka, kielelezo chake cha mpaka,
maana mdogo wake aling'oa sale usiku
akapanda hatua sita ndani ya kihamba.
Alikaa. Akanitazama. Akatazama nyuma yangu,
ambako hakuna mlango, ni ukuta mtupu.
"Wakili mwenyewe yuko wapi?"
"Anakuja," nikasema.
Sijui kwa nini nilisema hivyo.
Nikatoka, nikasimama kwenye ngazi,
nikahesabu hadi ishirini, cherehani ya Bi Ruweida
ikinishonea muda huko chini,
nikarudi ndani.
"Karibu, mzee. Ndiye mimi."
Hakucheka. Akafungua mfuko.

Tumeahirishwa mara tatu:
mwenyekiti ana semina, jalada halionekani,
mjumbe wa baraza kafiwa.
Nimejifunza kumsalimia karani kabla ya kumuuliza kitu,
na kubeba chapati kwenye mkoba, chini ya joho.
Wakili wa upande wa pili ana vijana watatu wa kumshikia majalada.
Asubuhi aliniita "binti".
Saa sita nikasimama kupinga hati yake ya mauziano,
haikulipiwa ushuru wa stempu.
Magoti yalikuwa yangu, sauti sijui ya nani.
Baada ya hapo nikawa "msomi mwenzangu".

Hatujashinda. Shauri limepangwa Septemba.
Ndelamio amelipa nusu, na mkungu wa mshare
ambao sijui niuandike wapi kwenye daftari,
kwenye mapato, au kwenye chakula cha jioni.
Nimeuandika kote.

Luku inalia. Naandika hoja kwa mwanga wa simu,
nafuta, naandika.
Mara namsikia mtu chini, sauti ya kigeni, imechoka:
"Samahani, hapa kuna wakili?"
Na Bi Ruweida, bila kusimamisha cherehani:
"Panda tu. Yuko."

Natafuta viatu vyangu chini ya meza, kwa miguu.